Shikamoo Nilizomficha Bibi

Mwezi uliopita nilimpeleka mama mdogo Prisca saluni. Ilikuwa wiki moja baada ya arobaini ya mama yangu, ambaye ni dada yake wa tumbo moja, na kwa ajili ya msiba alikuwa ameziacha nywele bila kuzigusa mpaka weupe ukachomoza chini ya ule weusi wa zamani. Binti wa saluni alifungua kipakiti, akakoroga unga mweusi na maji kwenye kisosi, na harufu ya piko ikapanda. Ninyi wa rika langu mnaijua harufu ile, kali, ya kuwasha pua, inayobaki chumbani hata madirisha yafunguliwe kutwa nzima. Mimi iliniinua pale kwenye kiti cha plastiki ikanirudisha Morogoro, Mwembesongo, uani kwetu, nikiwa na miaka tisa na imani moja kubwa ambayo nusura inipotezee bibi yangu.

Nitaisimulia imani hiyo bila aibu. Sasa nina mvi zangu mwenyewe, na mtu mwenye mvi zake ana ruhusa ya kucheka ujinga wake.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara. Maduka tuliyozoea kuyaona na sabuni ya mche na viberiti tu yalianza kujaa vitu vya rangi rangi, na mitumba ikamwagwa sokoni hadi watu wakawa wanachagua mashati kama wanavyochagua nyanya. Mama mdogo Prisca alikuwa amepanga chumba uani kwetu. Aliuza mitumba na vipodozi sokoni, na yeye mwenyewe alikuwa tangazo la biashara yake: nywele nyeusi tititi, midomo inang'aa, na gauni la mtu wa Ulaya lililompendeza kuliko mwenyewe huko Ulaya. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo, na hiyo kidogo hakuna aliyeruhusiwa kuiuliza.

Kitu alichokichukia kuliko mvua sokoni kilikuwa shikamoo. Siku moja kijana wa jirani, ambaye ndevu ndiyo kwanza zilianza kumwota, alipita uani akamwamkia kwa adabu zote.

"Shikamoo, dada Prisca."

"We! Ishia hapo hapo," mama mdogo akamwambia. "Usinizeeshe. Mimi niambie mambo, nami nitakujibu poa, basi, yaishe."

Kijana akaondoka amechanganyikiwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kinu kilicholazwa, namtazama mama mdogo anavyojipaka piko kwa mswaki mkuukuu mbele ya kioo kilichopasuka. Nikamuuliza kwa nini hataki kuamkiwa.

"Mwanangu," akasema bila kugeuka, "kila shikamoo moja ni mvi moja. Unafikiri bibi yako zile zote amezipata wapi?"

Alisema kwa utani, nami nilimsikia kama ninavyomsikia padri. Kila kitu kilikubaliana na maneno yake. Watoto hatupewi shikamoo, hatuna mvi. Mama alikuwa anapewa na watoto wa mtaa mmoja tu, akawa na mvi chache. Na Bibi, mama yao, aliyekuwa anaishi juu Matombo ambako kila mtu anamjua, kichwa chake kilikuwa cheupe chote. Hesabu ilikubali, na hesabu ikikubali mtoto hana haja ya kuuliza tena.

Wakati huohuo nyumbani kwetu uzee uligeuka jambo la kutisha. Baba alifanya kazi kiwandani, na kule kiwandani yalianza maneno kwamba kitachukuliwa na tajiri mpya na watu watapunguzwa. Nilimsikia akimwambia mama jioni moja kwamba wataanza na wazee.

"Kwani wewe ni mzee?" mama akamuuliza.

"Kichwani ndiyo," baba akajibu, akijishika nywele.

Jumamosi iliyofuata mama mdogo alimkalisha baba kwenye kigoda nyuma ya bafu, akamfunga taulo shingoni, akampaka piko. Baba yangu, mtu aliyekuwa hacheki na yeyote, alikaa ametulia kama mtoto anayenyolewa. Jumatatu alikwenda kazini na kichwa cheusi kuliko changu. Siku ya joto jasho lilimtiririka jeusi nyuma ya shingo, na mama alikuwa akifua kola za mashati yake huku anasonya. Mimi sikuona kichekesho chochote. Nilielewa kwamba kuna watu mahali fulani wanaopita wakitazama vichwa, na mwenye mvi anaandikwa kwenye orodha, kisha anaondolewa. Niliwaza kichwa cha Bibi. Kwa orodha ya namna hiyo, Bibi angekuwa wa kwanza.

Basi nikaanza kazi yangu. Niliamua kwamba mtu yeyote ninayempenda hatapata shikamoo kutoka kinywani mwangu. Kwa mama na baba haikuwa vigumu sana. Asubuhi nilijaza povu la dawa ya meno mdomoni nikawapungia mkono, au niliwahi kusema "habari za asubuhi" huku nakimbilia mlango, na wao kwa mawazo ya orodha hata hawakugundua. Na kwa kuwa nilikuwa mtoto wa haki, nilizielekeza zile shikamoo mahali zilipostahili. Mwalimu wetu wa hesabu, ambaye fimbo yake ilikuwa na jina, nilimpa asubuhi, nikampa wakati wa mapumziko, nikampa tena wakati wa kutoka, na nikikutana naye karibu na choo nilimwongezea. Kila akijibu marahaba nilimtazama kichwani kuona kama mvi imeota. Mwisho wa muhula aliniandikia kwenye ripoti kwamba nina adabu ya mfano.

Kisha Bibi akaja.

Alikuwa na kizunguzungu kwa wiki kadhaa, na miguu ikawa inavimba jioni, kwa hiyo mama alimtumia ujumbe ashuke mjini akapimwe hospitali. Alifika na lori la ndizi. Nilimwona akiingia uani na mkungu kichwani, ngozi ya uso imemng'aa kwa vumbi na jasho, na pembeni kiunoni kifurushi cha magome ya mdalasini alichokifunga kwenye pindo la khanga. Harufu ya mdalasini ilinifikia kabla yake. Nilitoka mbio. Mimi na Bibi tulikuwa na mambo yetu. Aliniita mke mwenzangu, kama bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, na ingawa babu alishafariki alisema hata huko aliko bado tunamgombania. Kila nilipomwamkia alijibu, "Marahaba, mke mwenzangu, umemla mume wangu umemmaliza," kisha ananifinya shavu.

Nilifika mbele yake nikasimama. Shikamoo ilikuwa imeshafika ulimini. Nikatazama zile nywele nyeupe zilizochungulia chini ya kilemba, nikaimeza.

"Mambo, Bibi," nikasema.

Baba alishusha gazeti. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, na kabla sijajua limetoka wapi kofi likanipata mgongoni.

"Umesema nini? Mwamkie bibi yako!"

Nilikaza midomo. Machozi yalinitoka, lakini midomo nikaikaza. Nilikuwa najiona shujaa; nilikuwa napigwa kwa ajili ya uhai wa mtu.

"Mwache," Bibi akasema taratibu, akitua mkungu mwenyewe. "Mtoto husema anachofundishwa."

Maneno hayo hayakunipiga mimi, yalimpiga mama. Nilimwona anavyoinama kuokota mwiko uliomponyoka.

Zilifuata siku tatu ngumu. Bibi alipangiwa Alhamisi hospitalini na alikuwa amefika Jumapili. Mama aliamini mzee anatakiwa kupumzika, kwa hiyo alimweka Bibi kwenye kile kiti kimoja kizuri tulichokuwa nacho na kumkataza kila kitu. Bibi alipochukua mchicha auchambue, mama aliuchukua. Alipokamata ufagio, akanyang'anywa. Mwanamke aliyekuwa analima mwenyewe kwenye mteremko ambao mbuzi anafikiria mara mbili kuupanda, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mito, mikono imelala mapajani, akitazama milima yake kwa mbali juu ya mabati ya jirani.

"Nimekuja kupimwa," nilimsikia akimwambia mama, "sikuja kuwekwa."

Na kila asubuhi mimi nilipita mbele yake. "Habari za asubuhi, Bibi." Naye alijibu, "Nzuri, binti." Binti. Mke mwenzangu alikwisha. Iliniuma kuliko kofi la mama, nikaenda nyuma ya choo kulia, nikarudi na msimamo uleule. Mama alinifinya, baba akatishia mkanda, na mimi nikanyamaza, maana niliamini siri ya namna ile ukiisema inaharibika. Mama mdogo Prisca alikuwa anatoka alfajiri kwenda Dumila kuuza mitumba kwenye mnada na kurudi jioni amechoka, kwa hiyo mwenye chanzo cha kesi hakujua hata kama kuna kesi.

Jumatano mchana nilitoka shule nikamkuta Bibi chumbani anafunga furushi lake. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na mama mdogo, ambaye siku hiyo hakwenda mnadani, yuko nyuma yake na khanga begani.

"Mama, hospitali ni kesho," mama alikuwa anabembeleza. "Kesho tu. Umesikia kizunguzungu asubuhi, umejishika ukutani, nimekuona. Ukianguka kule mlimani nani atakuona?"

"Kule wataniona. Kule kila anayepita ananiona." Bibi alikaza fundo kwa meno. "Gari la kurudi Matombo linaondoka sokoni mchana huu. Sikia mwanangu, sina ugomvi na wewe. Lakini nyumba ambayo mjukuu wangu mwenyewe hanipi shikamoo, nimo ndani yake kama nani? Hata hicho kiti mnachonikalisha hakiamkiwi."

Alijitwisha furushi. Alipoinuka aliyumba, akashika ubao wa kitanda, akafumba macho kidogo mpaka kizunguzungu kikapita, kisha akaanza kutoka. Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu kwamba anaweza kufa kwa sababu yangu, njiani, bila kupimwa, huku nikiwa nimemfichia shikamoo zake zote. Nilimrukia nikamkamata miguu.

"Bibi usiende! Sikupi kwa sababu nakupenda! Sitaki uzeeke! Sitaki uandikwe!"

"Niandikwe wapi?"

Nilisema yote kwa mkupuo, na kamasi juu yake. Kwamba shikamoo moja ni mvi moja. Kwamba kule Matombo wanampa wote, mpaka watu wa misheni, ndiyo maana amejaa mvi. Kwamba baba anapakwa piko asiondolewe. Kwamba mwalimu wa hesabu nampa mara tatu kwa siku na sasa hivi ataanza.

"Nani kakuambia haya?" mama akauliza.

Sikumtaja mtu, lakini macho yangu yalikwenda yenyewe. Wote wakageuka. Mama mdogo Prisca, na nywele zake nyeusi tititi, alikuwa anaitazama kucha moja ya kidole chake kwa makini sana.

"Prisca," Bibi akasema. "Ndicho unachomlisha mtoto?"

"Mama, mimi nilikuwa natania tu..."

Bibi aliangua kicheko. Sijapata kusikia kicheko cha namna ile tena. Furushi lilidondoka, akakaa kitandani, akacheka mpaka akajishika mbavu, mpaka mama naye akashindwa, mpaka baba aliyekuwa amelala baada ya zamu ya usiku akatoka kuuliza kuna nini, kichwa chake cheusi kikaonekana mlangoni na Bibi akaanza upya. Mimi nilikuwa bado nalia, sikuona cha kuchekwa.

Alipotulia alinivuta katikati ya magoti yake, akafungua kilemba, akainama. "Haya, hesabu."

"Nini?"

"Mvi. Hesabu."

Nikaanza. Nywele zake zilikuwa laini, na zilinukia moshi na mafuta ya nazi. Nilihesabu kwa kidole mpaka hamsini na tatu, na nilikuwa sijatoka hata juu ya sikio.

"Umefika ngapi?"

"Hamsini na tatu."

"Basi sikiliza. Mimi Jumapili moja tu, kutoka kanisani mpaka nyumbani, napokea zaidi ya hizo. Jumapili moja. Kama zingekuwa zinaua, ningekufa hata mama yako hajazaliwa. Mvi zinakuja zenyewe, mke mwenzangu, uamkiwe usiamkiwe. Muulize Prisca, anazipaka kila mwezi na hakuna aliyempa shikamoo." Mama mdogo akaguna. "Mimi siku nitakayozeeka ni siku watakayonipita njiani kama wanapita kisiki. Umenielewa?"

Niliitikia kwa kichwa, ingawa nilichosikia hasa ni kwamba ameniita tena mke mwenzangu.

"Sasa lete zote ulizonificha."

Tulizihesabu kwa vidole. Jumapili ya kufika, asubuhi na jioni za Jumatatu, za Jumanne, na asubuhi ya leo. Nilipiga magoti nikazitoa moja moja, na kila moja aliijibu kamili, na mume wangu umemmaliza ndani yake, na kufinya shavu. Ya mwisho tulikuwa tunacheka wote wawili, na shavu langu limekuwa jekundu. Gari la Matombo liliondoka bila yeye.

Kesho yake alipimwa. Ilikuwa presha, akapewa vidonge na kuambiwa apunguze chumvi na asilale na mawazo. Mama naye alijifunza la kwake, maana tulipotoka hospitali alimwekea Bibi ungo wa mchele mapajani bila kusema neno. Baba alimtania, "Mama, ng'ombe hazeeki maini." Bibi akamjibu, "Wala wewe hujazeeka, mkwe wangu. Ila shingo yako inavuja."

Orodha ya kiwandani ilitoka baadaye na jina la baba lilikuwemo, pamoja na piko yote ile. Alikaa ndani wiki mbili. Wiki ya tatu aliosha kichwa, akaacha mvi zitoke, akajenga banda la kuku nyuma ya lile bafu. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba yeye alizeeka miezi mitatu tu maishani, ile aliyokuwa anaisubiri orodha.

Likizo ilipofika Bibi alinichukua Matombo. Gari lilitushusha barabarani, tukapanda kwa miguu. Yeye alikuwa na kikapu cha sukari na chumvi kichwani, mimi sina kitu, na bado nilikuwa nyuma nahema. Njia nzima waliteremka watu. Wanawake wenye mikungu, vijana wenye mafenesi, watoto wa shule. "Shikamoo Bibi." "Marahaba. Mama yako kashuka kitandani?" "Shikamoo Bibi." "Marahaba, ule mche niliokupa umeshika?" Hakuna aliyepita na marahaba tupu, kila mmoja aliondoka na swali lake. Nilihesabu mpaka arobaini nikaacha, kwa sababu kila nikimtazama nilimwona anazidi kunyooka.

Nyuma ya kilima alikuwa anaishi dada yake, tuliyemwita Bibi Mkubwa. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, lakini alikuwa amekaa barazani anachambua maharage kwa vidole, na lile bovu halikumponyoka. Bibi alisimama pembeni mwa ua. Akatua kikapu, akajifunga khanga vizuri, akajifuta uso, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, dada."

Nilitazama nyuma kuona ni mtoto gani ametufuata. Hakukuwa na mtoto. Sauti ile nyembamba ilikuwa imetoka kwa Bibi.

"Marahaba," Bibi Mkubwa akajibu bila kuinua uso. "Umechelewa. Ulikuwa unacheza wapi wewe?"

"Sikuwa nacheza, dada. Gari liliharibika."

"Aka! Wewe siku zote una sababu. Njoo unisaidie maharage haya, na usinichanganyie."

Na Bibi yangu, aliyeogopwa kuanzia barabarani mpaka misheni, alikwenda haraka akakaa chini miguu ameinyoosha, akaanza kuchambua huku anatabasamu peke yake. Aligombezwa mara mbili mchana ule, mara moja kwa haki.

Tuliporudi nilimwambia kwamba alipomwamkia Bibi Mkubwa alikuwa mtoto.

"Ee," akasema, kama mtu anayekubali kwamba mvua imenyesha. "Kwake mimi ni mtoto. Wote wa nyumbani kwetu wamekwisha, amebaki yeye wa kuniuliza nilikuwa nacheza wapi. Ndiyo maana naupanda huu mlima."

Bibi Mkubwa alifariki nikiwa sekondari. Tulipanda kwenda kuzika, na baada ya watu kutawanyika Bibi alinishika mkono tukakaa kwenye ile baraza. Hakuwa analia.

"Mke mwenzangu," akasema, "leo nimezeeka."

"Mbona uko vilevile, Bibi?"

"Sina tena wa kumwambia shikamoo."

Aliishi miaka mingine mingi, akalima karibu yote, na shikamoo za njiani hazikupungua. Sikumwelewa siku ile. Nilidhani ni maneno ya msiba.

Nimemwelewa mwaka huu. Baba alitangulia zamani. Mama nilikuwa nampigia simu kila asubuhi kabla sijanywa chai. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Umeamka? Umekula?" Nina watoto wakubwa, kazini vijana wananiita mama na kunipisha kwenye ngazi, na bado kila asubuhi palikuwa na mtu wa kuniuliza kama nimekula. Siku ya tatu baada ya kumzika mkono wangu uliinua simu wenyewe. Nilikaa nayo kitandani nikalia kwa sauti, mwanamke mzima, kwa kuwa nilikuwa na shikamoo kinywani na sina pa kuipeleka.

Basi pale saluni nikamtazama mama mdogo kwenye kioo. Kichwa kimepakwa chote, kimefunikwa mfuko wa nailoni, kope zimepakwa wanja kama kawaida yake. Kwa zaidi ya miaka thelathini nilikuwa nimemtii. Nikimwona nasema mambo, anasema poa, yanaisha.

"Shikamoo, mama mdogo," nikasema.

Binti wa saluni akasimamisha mkono. Mama mdogo alinikodolea macho kupitia kioo.

"Umeanza. Usinizeeshe mbele za watu."

"Mama mdogo, nimebakiwa na wewe tu."

Niliona midomo yake ikitaka kusema kitu cha mzaha, kikakosekana. Tone la piko lilikuwa linamshuka pembeni ya sikio, naye hakulifuta. Nikarudia, na safari hii sauti iliyonitoka ilikuwa nyembamba, si yangu ya siku zote.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba," akasema polepole. Akanyoosha mkono kutoka chini ya kitambaa, akanitafuta, akanishika. "Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Binti wa saluni, masikini, alituona tunalia wote wawili akadhani ni kwa sababu ya ukali wa dawa, akafungua dirisha. Kisha akanitazama kichwani, akainua kile kisosi.

"Mama, imebaki kidogo hapa. Nikupake na wewe?"

"Huyo?" mama mdogo akamkatiza, bado amenishika mkono. "Mwache. Huyo bado mtoto."